Nilimwacha Aseme

Wanaosema kwamba nilifika Bungulu, mtaa wa Beni, siku ile bila kujua ni dot ya nani, yaani ni mahari ya nani inatolewa, wananitafutia huruma ambayo sikuiomba. Nilijua. Nilijua siku, nilijua saa, nilijua mpaka rangi ya vikwembe ambavyo tanti za bibi arusi, shangazi zake, walishona. Wiki tatu nzima nilijua, na wiki tatu hizo nilikula vizuri na kulala vizuri, maana nilikuwa nimeshaamua.

Aliyeniambia ni Sikitu. Sikitu ni rafiki yangu wa Beni, mtoto wa familia ya wasafirishaji. Yeye anakodisha viti, maturubai na mashine za sauti kwa sherehe za watu. Mashine zikiharibika ananipigia mimi, ingawa mimi sina kibao mlangoni wala sijaitwa fundi na mtu yeyote. Kazi yangu ni kushona nguo, Butembo, kwenye komini ya Mususa, katika chumba cha mbele cha mama yangu. Mambo ya umeme ni mapenzi tu. Wengine wanakimbilia mpira, wengine kwaya. Mimi nikifunga cherehani nakaa na feri yangu ya soudure, chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuunganisha nyaya, na redio ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa, na hapo hata njaa siisikii.

"Orpa," Sikitu aliniambia kwa simu, "niko na dot ya batu ya Butembo na ya huku. Bwana arusi banamuita Lévi Muyisa. Ni ule wako?"

"Siyo wangu tena. Ni siku gani?"

"Unataka siku ya kufanya nayo nini?"

"Sikitu. Ni siku gani?"

Akanitajia, huku anaguna.

Sasa nyinyi ambao hamkuwa Mususa miaka ile, niwaambie ni nani huyu Lévi. Alikuja kwetu na redio ya baba yake marehemu, akakaa miaka mitatu. Kila Jumamosi alikuwa pale, magoti yetu yanagusana chini ya meza, mimi namwonyesha namna ya kupasha waya kwanza ndipo uiguse na soudure, yeye anachoma vidole na kucheka. Alikuwa na mikono mizuri na akili ya haraka, lakini hakuwa na uvumilivu. Kuna kitu kimoja ambacho hakikumwingia kichwani kabisa. Mashine ikitoka kutengenezwa hatuiingizi kwenye courant, kwenye umeme, moja kwa moja. Tunaipitisha kwanza kwenye ampule, balbu ya taa. Ampule ikiwaka sana, ujue ndani kuna kitu kimeungua. Ikimulika kidogo halafu ikazimika, mashine ni nzima. Lévi akiona giza alikuwa anasikitika: "Imekufa!" Nami nacheka mpaka machozi: "Imepona, we mutu! Mara ngapi nikuambie?"

Nilimpenda. Sitaki kulizunguka neno hilo.

Mama yake, mama Jokébed, naye alinipenda. Alikuwa ananiita mukamwana, mke wa mwanawe, mbele ya akina mama wa kanisa, kabla hata mbuzi mmoja hajaletwa kwetu. Halafu baada ya Noeli moja akageuka. Lévi akaacha kuja, simu hachukui, nikasikia amehamia Beni. Na nyuma yake likabaki neno, likatembea Mususa nyumba kwa nyumba: Orpa tumbo yake imekauka, moshi ya soudure imeikausha, hospitali bamesema.

Mnajua neno la namna hiyo linafanya nini? Mwanaume wa kwanza aliyekuja kuniposa baada ya Lévi alirudi akaomba msamaha, wazazi wake wamekataa. Wa pili hata hakurudi. Hayo ningeyameza. Nilichoshindwa kumeza ni watoto. Mteja akija kupima nguo na mtoto wake, mtoto akanikimbilia, mama yake anamvuta taratibu, anatabasamu, anamweka upande wa pili. Miaka miwili wanavuta watoto mikononi mwangu, na mimi niliyajua maneno bila kumjua aliyeyazaa.

Basi siku moja kabla ya dot nilipanda taksi kwenda Beni na mfuko wangu wa vyombo. Mpango wangu ulikuwa mdogo. Ningejifanya msaidizi wa Sikitu, ningeshika maikro kama mtu anayeijaribu, na mbele ya familia zote mbili ningesema: "Mimi ni Orpa Kahongya. Yule ambaye mlisema hawezi kuzaa, nani alimpima?" Swali hilo tu. Wajibu wenyewe.

Asubuhi ya dot, ampli ya Sikitu, mashine ya kukuza sauti, ikatoa moshi.

Naapa sikuigusa. Sikitu mwenyewe aliiingiza kwenye courant mbovu ya ile parcelle, kiwanja cha akina bibi arusi, ikapiga kelele moja, ikanyamaza. Akanitazama, uso umemshuka.

"Batanifukuza. Saa tano wageni bananza kuingia."

"Lete ampli, lete na waya ya rallonge. Nitafutie fasi ya kukaa."

Wakanipa depo ya matofali nyuma ya nyumba. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na moulin ya muhogo, mashine ya kusaga, inanguruma mpaka vumbi la unga linadondoka kutoka kwenye mabati. Bafle mbili kubwa za kutolea sauti zilikuwa mbele kabisa, karibu na barabara, ili mtaa mzima ujue Ornella, binti wa papa Éphraïm, anaolewa. Kutoka kule mpaka kwangu ulipita waya mrefu, umezunguka nyumba nzima. Pale ndani usingesikia hata mtu akiita jina lako mlangoni.

Niliifungua. Transista moja ilikuwa imeungua, imepasuka tumbo. Nilikuwa na nyingine kwenye kopo langu, niliyoing'oa kwenye mashine ya zamani. Nikapasha, nikanyonya soudure ya zamani, nikaweka mpya, nikapuliza. Moshi ukapanda usoni mwangu, ule moshi wao, nikauvuta makusudi. Kisha nikapitisha ampli kwenye ampule. Ikamulika kidogo, ikazimika. Nzima. Nikachomeka maikro, nikafungua sauti nusu, nikachungulia dirishani, kwenye upenyo kati ya nyumba na ukuta. Kwa mbali nikamwona Sikitu chini ya bafle ananiinulia mkono. Inasikika.

Nikashika maikro, nikavuta pumzi ya ile sentensi yangu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Lévi.

Nikaweka maikro juu ya meza, kati ya vitambaa na nyaya, mpini wake chini ya kitambaa, mdomo wake ukiangalia juu. Niliiweka tu, kama mtu aliyekutwa na kitu mkononi. Yaliyofuata ni yangu, lakini hilo la kwanza lilikuwa woga.

Yeye akafunga mlango nyuma yake na kusukuma komeo kwa mkono wake mwenyewe. Nataka hilo likumbukwe.

"Orpa?"

Alikuwa amevaa koti la bluu na shati jeupe. Amekonda kidogo, ndevu amezichonga. Miaka miwili nilikuwa nimejifundisha kumchukia asubuhi na jioni, na moyo wangu ukaruka vilevile, mjinga huo.

"Banasema kule nje kuna mwanamuke anatengeneza mashine. Nikasema haiwezekane. Unafanya nini hapa?"

"Natengeneza mashine. Bamekuambia vizuri."

"Mama akikuona..."

"Mama yako iko na macho. Ataniona."

Akaangalia meza. Akaangalia ampule, nyeusi kama ilivyotakiwa kuwa. Nikamwona anapumua.

"Imekufa kabisa?" akauliza.

Hapo ningeweza kusema. Nilifungua hata mdomo: Lévi, iko nzima, maikro inasikia, nyamaza. Maneno yalikuwa kwenye ulimi. Halafu nikamkumbuka mtoto mmoja wa Mususa, nywele zake zimesukwa vifundo viwili, alivyonyoosha mikono kwangu na mama yake akamgeuza kwa mabega.

"Unaona weye mwenyewe," nikamjibu.

"Afazali," akasema, akakaa juu ya matofali na koti lake zuri. "Orpa, nakuomba sana. Kuna mulango ya nyuma. Nakutafutia pikipiki sasa hivi, unarudi kwa Sikitu, leo inapita. Kesho nakuja, tunaongea."

"Sikusikii. Moulin inapiga kelele. Sema na nguvu."

"Nasema tutaongea kesho!"

"Nimengoja kesho yako miaka mbili. Nitatoka, mais kwanza unijibu kitu moja. Nani alisema tumbo yangu imekauka?"

"Leo haiko siku ya bile maneno."

"Leo ndiyo siku yake."

"Ni batu tu. Unajua Mususa. Banasemaka."

"Mususa ni kubwa. Nataka jina."

Akasugua paji la uso. "Mama, labda. Yeye hakupendaka ile mambo yako ya soudure."

"Mama yako alinipenda mpaka Noeli. Nilimushonea robe tatu, akazivaa akijivuna. Kiisha mwezi moja akageuka. Mutu mukubwa hageuke vile peke yake, Lévi. Kuna mutu alimugeuza."

Alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Ni weye."

"Orpa..."

"Ni weye ulimwambia. Sema tu. Unaogopa nini? Tuko babili."

Ndiyo, nilisema hivyo. Tuko wawili. Padri amenisikiliza juu ya neno hilo, amenipa kitubio changu na nimekifanya. Kujuta nimejaribu, bado sijaweza.

"Ni miye," akasema.

"Na nguvu!"

"Ni miye! Ni miye nilimwambia! Nilisema tulienda hopitali wote babili, docteur akakupima, akasema hautazaa juu ya moshi ya soudure. Nilimwambia mama hivyo na yeye akasema kwa benzake. Umesikia sasa? Umefurahi?"

Nilichokuwa nimekifuata Beni kilikuwa kimepatikana. Kingetosha. Mwanamke mwenye akili angezima maikro hapo, angechukua mfuko wake, angetoka kichwa juu. Lakini nilikuwa nimempenda mtu huyu, na aliyependa hatosheki kujua ni nani. Anataka kujua kwa nini.

"Juu ya nini, Lévi? Nilikukosea nini?"

"Hapana kitu."

"Kulikuwa mwanamuke mwingine?"

"Hapana! Hakukuwa mutu."

"Basi juu ya nini?"

Akaanza kulia. Si kilio cha kelele. Mabega tu yalikuwa yanatikisika ndani ya lile koti.

"Ile mwaka nilivimba mashavu, unakumbuka? Nililala wiki tatu. Kiisha kupona nikasikia batu banasema ile ugonjwa inaharibu mwanaume. Nikaenda hopitali peke yangu. Docteur akapima, akapima mara ya pili. Akasema ni miye. Miye hapana weza kuzaa, Orpa. Mama iko na miye tu, mutoto mwanaume moja. Nilifika nyumbani, akaniuliza mutaoana lini, nataka bajukuu. Mudomo yangu ikafunguka, ikasema ni weye."

Nilimhurumia. Mniandike hivyo, kwamba nilimhurumia. Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha maikro, chini ya kitambaa, kikakaa juu yake. Nilifikiri: hayo si ya kusikiwa na mtaa. Uongo wake ni wangu, niufanyie ninachotaka, lakini ugonjwa wake ni wake.

"Ungeniambia," nikasema, na sauti yangu haikuwa na nguvu tena. "Ungekuja Jumamosi, ukae pale kwa meza, uniambie."

"Ungefanya nini?"

"Ningekukubali."

"Bila mutoto?"

"Bila mutoto. Na mama yako akipiga kelele kila siku. Tungekaa babili na maredio yetu mpaka tuzeeke. Ningekukubali vile, mujinga weye."

Akaja karibu. Akashika mkono wangu wa kushoto, ule ambao haukuwa kwenye kitufe, akapitisha kidole gumba juu ya kovu la kuungua ambalo nililipata siku nikimzuia yeye asiungue. Alikuwa na macho yaleyale ya Jumamosi. Nisiwafiche kitu: kama angenyamaza hapo, dakika moja tu, ningebonyeza kile kitufe, ningeondoka naye kwa mlango wa nyuma na Beni nzima ingeendelea kungoja bwana arusi.

Lakini nilikuwa na swali moja bado.

"Na Ornella anajua?"

Akaachia mkono wangu.

"Ornella? Hapana."

"Utamwambia?"

"Kidogo kidogo. Mbele ya ndoa haiwezekane, baba yake atakataa."

"Na mwaka moja ikipita, ya pili ikipita, na mimba haikuye?"

Akapandisha mabega. Alikuwa ameshafuta machozi, uso umetulia, kama mtu anayeeleza bei ya muhogo.

"Kwetu baliulizaka mwanaume siku gani? Batasema ni yeye. Mama atasema, batu batasema. Miye nitanyamaza tu. Ornella ni mwenye nguvu, atazoea."

Nikaondoa kidole kwenye kitufe.

"Sikusikia," nikamwambia. "Moulin. Batasema nini?"

"Nasema batasema ni Ornella!" akapaza sauti, na kuudhika kidogo kwa kurudia. "Batasema ni yeye hazae! Weye ulikufa? Haukukufa. Na yeye hatakufa."

Moulin ikanyamaza.

Mwenye moulin alinieleza baadaye, bila haya hata kidogo, kwamba wateja wake wote walikuwa wametoka barabarani kusikiliza, naye akaona anakosa, akazima mashine. Kimya kikashuka ghafla kwenye depo, masikio yakaniuma.

"Orpa, juu ya nini unaniangalia vile?" Lévi akasema.

Na kutoka mbele ya nyumba, juu ya mabati ya Bungulu, sauti kubwa ikasema wakati uleule: juu ya nini unaniangalia vile.

Akageuka dirishani. "Alo?" akasema, sijui alikuwa anamwita nani. "Alo?" bafle zikasema na mtaa mzima.

Akaangalia ampule.

"Iko giza," akanong'ona, na mnong'ono wake ukatoka nje vilevile, umekuwa mkubwa kama wa jitu.

"Ikiwa giza, iko nzima," nikamwambia. "Nilikufundisha."

Lazima mjue desturi ili mwelewe alivyoanguka. Siku ya dot bwana arusi hasemi. Anakaa, ananyenyekea, ana mtu wake wa kumsemea, na heshima yake yote iko katika kimya chake. Lévi alikuwa ametoroka kimya hicho dakika chache ili anifukuze, na ndizo dakika alizowasemea watu wote waliokuwapo. Nje nikasikia mwanamke analia kwa sauti, wa pili akadakia, kisha viti vya Sikitu vikaanza kuanguka. Ngumi zikapiga mlango.

Nilifungua mimi. Yeye asingeweza.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama Jokébed, kilemba chake kipya kimelala upande. Nyuma yake alisimama papa Éphraïm, mtu mrefu, baba yake Ornella. Nyuma yao watu wamejaa mpaka jikoni.

"Lévi," mama akasema. "Niambie ile sauti haiko yako."

"Ni yangu, mama."

"Niambie ni huyu mwanamuke amekusemesha."

Lévi akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema kweli bila kusukumwa. "Hapana, mama. Ameniuliza tu."

Mama Jokébed akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya matofali yaleyale. Mimi nikachukua maikro kutoka chini ya kitambaa. Nikapiga magoti kidogo mbele yake kama binti anavyofanya mbele ya mama mkubwa. Sikufanya mzaha, miaka mitatu alinifanya mtoto wake.

"Mama, wabukire," nikamsalimia kwa Kinande. "Nakuomba kitu moja, kiisha nitaenda. Ile maneno ya tumbo yangu, uliyasema Mususa mutu kwa mutu, kwa maji, kwa soko, kwa mulango ya kanisa. Itakuchukua miaka kuyakusanya. Sema hapa mara moja, inatosha."

"Unataka kuniaibisha mbele ya bakwe?"

"Bakwe gani, mama?" papa Éphraïm akasema kutoka mlangoni. Hakusema na nguvu. "Hapa hamuna tena bakwe."

Mama Jokébed akapokea maikro kutoka kwangu. Ni mwanamke mgumu, sitamnyima hilo. Akasogeza maikro mdomoni na sauti yake ikatoka barabarani.

"Miye Jokébed, mama ya Lévi. Nilisema Orpa Kahongya hawezi kuzaa. Ni uongo. Mutoto wangu alinidanganya, mais maneno ya moshi kumukausha kila kitu, na kama anaficha dawa chini ya kitanda, ile niliongeza miye. Batu ya Butembo bako hapa. Mufikishe."

Hilo la dawa chini ya kitanda sikuwahi hata kulisikia. Kumbe kulikuwa na zaidi. Na niwaambie ukweli wangu: ilikuwa tamu. Watu wanasema kisasi kinaacha uchungu mdomoni, mimi sikuusikia. Kilikuwa kitamu mpaka kwenye magoti. Niliwaona wateja wangu wawili wa Mususa, wale wa kuvuta watoto, waliokuja Beni kumsindikiza mama Jokébed, wamesimama jikoni wanaangalia chini, na nikawaangalia mpaka wakainua macho.

Kisha watu wakasogea, akapita Ornella.

Siku ya dot binti anafichwa ndani na tanti zake mpaka aitwe. Yeye hakungoja kuitwa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania, labda miaka ishirini na mbili, poda ya uso imechorwa mistari na machozi. Hakumwangalia Lévi hata mara moja. Alisimama mbele yangu.

"Yaya Orpa," akasema, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "ulijua namusikia?"

"Nilijua."

"Ulikuja kunisaidia?"

Ningeweza kujipamba hapo. Watu wote walikuwa wanangoja nijipambe.

"Hapana, mudogo wangu. Nilikuja juu yangu. Hata jina yako nilikuwa naichukia."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepima kitambaa.

"Wasingya," akanishukuru kwa Kinande vilevile, akageuka. "Papa, bafungue mbuzi zao."

Na wakazifungua. Dot ya kwetu inahesabiwa kwa mbuzi, na zilikuwa kumi na mbili, zimefungwa kwenye ukuta wa mbele, zimeoshwa na sabuni kwa ajili ya siku. Zikatoka moja moja kwenye lango, wajomba wa Lévi wanazivuta wamevaa koti zao za sherehe, watu wa moulin wamepanga mstari wanatazama. Mama Jokébed alipita wa mwisho. Hakuniaga, lakini alivyonipita alinigusa bega, na sijui mpaka leo kama ni kwa makusudi au miguu ilikuwa imemchoka.

Nilikunja nyaya, nikarudisha mfuniko wa ampli, nikakaza skrubu nne. Sikitu alikuwa anapakia viti kwenye kamioneti, anajaribu kutocheka na kutolia.

"Nilikuwa karibu na bafle," akaniambia. "Ningeweza kuchomoa waya."

"Juu ya nini haukuchomoa?"

"Na ningejua mwisho namna gani?"

Lévi alikuwa anatungoja kando ya barabara. Wenzake walikuwa wameshatangulia na mbuzi. Koti alikuwa amelivua, amelishika mkononi, vumbi la matofali limemjaa suruali. Alikuwa mzuri bado. Hilo nalo liliniudhi.

"Umenimaliza," akasema. "Beni, Butembo, hakuna fasi nitapita sasa. Umetosheka?"

"Nimetosheka."

"Bon." Akameza mate. Gari la mtu likapita, likapunguza mwendo ili watuone, likaenda. "Donc sasa hakuna tena ya kuficha. Hakuna Ornella, hakuna mama. Kila mutu anajua vile niko. Orpa, kule ndani ulisema ungenikubali. Bila mutoto, na kila kitu. Ilikuwa ya kunisemesha tu, ao ilikuwa kweli?"

Sikitu aliacha kupakia viti.

Nilitaka kumdanganya. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu, na kwake pia, kama ningesema ilikuwa mtego. Angeondoka ananichukia, nami ningelala. Lakini nilikuwa nimeshasema kweli siku nzima, na hii ndiyo ilikuwa kali kuliko zote nilizobaki nazo.

"Ilikuwa kweli," nikamwambia. "Kidole yangu ilikuwa juu ya kitufe, Lévi. Nilikuwa nazima. Nilikuwa natoka na weye kwa mulango ya nyuma."

Uso wake ukafunguka. Akapiga hatua moja.

"Ilikuwa kweli mpaka nilikuuliza juu ya Ornella," nikasema.

Hatua ya pili hakuipiga. Nikapanda kwenye kamioneti, nikaweka ampli juu ya mapaja yangu, nikavuta mlango. Sikitu akawasha gari, na kwenye kioo cha pembeni nikamwona Lévi amekaa chini barabarani, mikono juu ya kichwa, jinsi wanavyokaa watu waliofiwa.